Pilipili Hakununa

Kwenye duka letu la ushonaji tulikuwa watu watatu, na mwenye akili timamu nilikuwa mimi peke yangu. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mpiga pasi, na mpiga pasi husimama wakati wenzake wameketi, kwa hiyo huona kila kitu. Wenzangu walikuwa wanawake, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa, mwenye duka, tulimwita Bosi. Yeye ndiye aliyekata vitambaa vyote, na mkasi wake hakuna aliyethubutu kuugusa. Mdogo wake alishona, na jina lake la kazini lilikuwa Pilipili.

Jina hilo hakusingiziwa. Zamani alikuwa mtu wa kugombana hata na uzi. Mteja akirudisha nguo inayombana, Pilipili alimpa maneno mpaka mteja mwenyewe akaomba radhi kwa kunenepa. Ukimsalimia asubuhi alikuuliza unataka nini. Halafu akaokoka. Mimi kanisani huenda kwa harusi na misiba tu, na hata huko hukaa karibu na mlango, kwa hiyo nilidhani ni homa itakayopita. Haikupita. Mwanamke akaanza kusalimia watu. Akaanza kuimba huku anakanyaga cherehani, nyimbo za kanisani, kwa sauti ya kawaida ambayo kwaya yoyote ingeiweka mstari wa nyuma, na ukimtania alicheka mpaka anapoteza mshono. Jina la Pilipili likabaki palepale, maana tulishalizoea.

Kama mambo yangekuwa yanamnyookea, ningesema anayo haki ya kuimba. Hayakumnyookea. Mumewe alisema hawezi kulala nyumba moja na mwanamke anayeongea na dari, achague moja, yeye au kanisa. Pilipili akamjibu kwamba yeye bado anamtaka mumewe, na Mungu pia hamwachi. Mume akabeba godoro, akahamia kwa kaka yake. Mtu anaacha mke na watoto wawili, anakumbuka godoro! Siku iliyofuata Pilipili alikuja kazini macho yamevimba. Akashona asubuhi nzima, kisha nikamsikia anaanza kuimba taratibu.

Bosi akaweka mkasi mezani.

"Mume kaondoka na godoro, wewe unaimba?"

"Usiku nimelia vya kutosha, dada. Sasa moyo unataka kuimba, niufanyeje?"

"Ufunge."

Hapa lazima nimtetee Bosi kidogo, maana si mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyeugua ghafla na kufariki akiwa anamalizia shule. Makaburini mhubiri akamkataza kulia. Alimwambia afurahi, mtoto yuko mahali pazuri, machozi ni kukosa imani. Nilikuwepo, na nilitamani kumnyoosha yule bwana kwa pasi. Tangu siku hiyo Bosi hakukanyaga kanisani, na neno furaha hakuna aliyelitamka dukani mwetu. Kwake, wimbo wa mdogo wake ulikuwa sawa na kulikanyaga lile kaburi.

Basi akakata maneno. Pilipili aache kanisa na nyimbo zake, la sivyo aache kiti. Alimpa mpaka Jumamosi afikirie. Jumamosi ilipofika Pilipili alifunika cherehani, akakunja aproni yake vizuri.

"Dada, kanisa siachi," alisema. "Na wewe sikuachi. Cherehani ni yako, baki nayo."

Bosi akamwonyesha mlango. Hakuwa na ndugu mwingine duniani zaidi ya huyo, wala Pilipili hakuwa na mwingine, na wote wawili walilijua hilo. Niliunguza kola ya shati la watu siku ile.

Jumatatu mchana, nani huyo anaingia? Pilipili, ana bakuli la chakula lenye mfuniko. Nyumbani alikuwa ameanza kushonea majirani kwa mkono, pindo hapa, kifungo pale. Sasa alikuwa ametembea njia yote hiyo kwa sababu Bosi, tangu afiwe, alikuwa hakumbuki kula mpaka awekewe chakula mbele yake. Aliliweka bakuli kwenye meza ya kukatia. "Dada, chakula." Akaniuliza hali, akanisimulia vituko vya watoto wake, akacheka, akaenda zake. Bosi alilisukuma bakuli upande wangu bila kuinua macho.

"Kula au mwaga."

Mimi si mtu wa kumwaga chakula. Ikawa ndio desturi: Pilipili analeta kila mchana, Bosi anasukuma, mimi nanenepa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi wa kuziba pancha asiyejua kufunga mdomo. Kila akimwona Pilipili alipaza sauti mtaa mzima usikie.

"Mama Haleluya! Mume karudi?"

"Bado, kaka! Na godoro bado!"

Na anacheka kweli, si kwa kujikaza. Yule fundi alirudi kwenye tairi lake.

Siku moja nilimsindikiza mpaka kibarazani. "Pilipili, huoni aibu kuja hapa?"

"Naona sana," alisema. "Kila siku nasimama kwanza pale kwenye kona, miguu haitaki. Naomba. Nikipata nguvu kidogo naingia."

Nilikuwa nimemchukulia kama mtu asiyeelewa kilichompata. Alielewa vizuri kuliko mimi.

Kisha akaja kijana mmoja kupimwa suti ya harusi. Alikuwa amekaa dawati moja na marehemu mtoto wa Bosi. Nilimwona Bosi anavyozungusha futi ya kupimia kifuani kwa kijana, kisha anaizungusha tena, kana kwamba amesahau namba. Kitambaa alicholeta kilikuwa cha gharama na chenye upana mdogo. Kitambaa cha namna hiyo hakikunjwi mara mbili. Mikono ya koti unaikata mmoja mmoja: unakata wa kwanza, unageuza ile karatasi ya mfano, unakata wa pili. Anayejifunza wiki ya kwanza analijua hilo.

Bosi hakugeuza karatasi. Alipoiweka mikono ile pamoja, yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Akaitazama. Akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa, akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuijua.

"Kifua cha mwanangu," alikuwa anasema, "sasa hivi kingekuwa kipana hivyo. Ningemshonea mimi."

Ndipo Pilipili akaingia na bakuli. Nilijua sasa atalisema lile neno, atamwambia dada yake afurahi, mambo yote ni mipango ya Mungu, na hapo undugu wao utakuwa umekwisha kabisa. Pilipili aliweka bakuli chini. Akakaa kwenye vile vipande, akamkumbatia dada yake, akalia. Walilia kwa muda mrefu. Mimi nilizima pasi, kwa kuwa shati nililokuwa nanyoosha nilikuwa silioni tena.

Hatimaye Bosi akasema, "Wewe si ndiye mwenye furaha? Unalia nini?"

"Namlilia mtoto wetu. Furaha haijawahi kunikataza kulia, dada. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake, na alikuwa anajua anakwenda kumfufua. Yule mhubiri alikosea."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Siku ile nilikuwa sijaokoka. Nilikuwa nagombana na waliobeba jeneza."

Bosi akatoa sauti fulani. Nilidhani amepaliwa, kumbe ni kicheko. Pilipili akaona upenyo. Akaiokota ile mikono ya koti, akaivaa, mmoja ukakaa sawa na wa pili ukageukia mgongoni.

"Sasa huyu bwana harusi atamkumbatia mkewe vipi? Labda amkumbatie mama mkwe aliye nyuma."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, pua zinachuruzika, na mimi nikacheka nao. Kizibao cha suti ile kilikuwa bado hakijakatwa. Bosi mwenyewe akasema kitambaa chake kitatosha mkono mmoja, naye atamwambia kijana ukweli na kumwomba avae koti bila kizibao.

Wakaketi mezani. Bosi akavuta lile bakuli, akafungua mfuniko, akala. Hakuna aliyenikumbuka.

"Hiyo furaha yako," alisema baada ya matonge machache, "unaitoa wapi? Usinijibu kikanisa."

Pilipili alifikiri kidogo. "Mume alipoondoka niliogopa, dada. Niliogopa kweli. Tukalala chini na watoto, nikawa nasema, Mungu wangu, nimebaki peke yangu. Na sikuwa peke yangu. Siwezi kukuonyesha, lakini nina uhakika kuliko ninavyojua cherehani. Tangu usiku ule sijakaa peke yangu hata siku moja. Hata uliponionyesha mlango."

Bosi alitafuna polepole. Kisha akanyoosha kidole kwenye cherehani iliyofunikwa.

"Kesho uwahi. Kuna mashati."

"Nitakuja nikiimba."

"Nimesikia."

Nilidhani yameishia hapo, nikawasha pasi. Lakini Bosi alikuwa bado hajainuka. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ukiomba, huwa unamtaja mwanangu?"

"Kila siku."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

"Yule mhubiri hakumtaja hata mara moja. Alikuwa anasema marehemu, marehemu, mpaka tukaondoka makaburini." Akasogeza bakuli pembeni. "Mtaje hapa."

Pilipili akamshika mkono, akafumba macho. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mtoto, kwa kuzaliwa kwake na kwa miaka aliyokaa nasi, kisha akamtaja kwa jina lake lote, la kwake na la baba yake. Dukani mwetu jina hilo lilikuwa halijatamkwa tangu mazishi.

"Rudia," Bosi akasema.

Pilipili akarudia.