Nani Alikuwa Anawapanga Watu?

Wanafunzi walikuwa wakianguka somo langu la takwimu kila mwaka, mpaka chuo kikaniambia nilisuke upya. Nikafuta mtihani mkubwa wa mwisho. Nikaweka kazi za kila wiki, za watu wannewanne, alama za kundi ziwe za kila mmoja.

Siku ya kwanza niliwasimulia kilimo cha kwetu, upande wa Isikizya. Majirani walipokuja kulima shamba la mama, walisimama mstari mmoja, na mwenye mkono mzito aliwekwa katikati ya wepesi wawili. Walimsaidia tuta lake kimyakimya, wote wakafika mwisho pamoja. Darasa likapiga makofi. Nami kwa kichwa kuvimba nikasema, “Haya, chagueni makundi wenyewe.”

Mbele kabisa alikaa mama mmoja wa Ulyankulu, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kusoma akiwa na wajukuu. Alikuwa akilirudia somo. Akianguka tena, chuo basi. Kusema kweli, ni yeye niliyemfikiria nilipoandika mpango ule.

Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Kundi lililoongoza nililisifu mbele ya walimu wenzangu, na wao wakanisifu mimi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Orodha ya walioanguka ilikuwa fupi, sikusoma hata jina moja.

Yule mama akaja ofisini kuniaga. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaketi. Alinieleza bila hasira kwamba kundi nililolisifu lilikuwa lake. Wiki ya tatu walimwomba atoke, anawachelewesha, nafasi yake wakampa mwanafunzi aliyejiunga kwa kuchelewa. Makundi mengine yalishajaa. Kazi zilizobaki alizifanya peke yake nyumbani, zote, ila hakuzileta, kwa sababu niliandika mwenyewe kwamba kazi isiyo na majina manne haipokelewi.

“Kwa nini hukuniambia, mama?”

“Nilikuja mara mbili, mwalimu. Ulikuwa na wageni, unawaeleza huo mpango.”

Akainuka, akajifunga kitenge vizuri.

“Ile habari ya shamba niliipenda sana. Hata kwetu tulilima hivyo. Lakini pale kwenu, mwalimu, nani alikuwa anawapanga watu?”

Alikuwa mama yangu. Kila asubuhi aliupita mstari akiwashika mabega, wewe hapa, wewe pale, kabla jembe la kwanza halijagusa udongo. Sehemu hiyo sikuwasimulia darasani.