Kioski Kilikuwa Wapi

Siku yangu ya kwanza kazini, kukarabati mabomba yaliyoharibiwa na mafuriko, nilifika Kawangware mapema mno, nikazunguka mtaa mara kadhaa nikiogopa kuonekana nina haraka. Ufundi wa mabomba nilijifunza kwenye simu. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kando yangu akaniambia hapa umekosea. Nalisema hili kwa sababu nyinyi mtakaoajiriwa mafuriko yakija tena huenda mkadhani sisi tuliotangulia tulikuwa majasiri.

Mkubwa wangu wa kwanza, Msimamizi wa upande wa Riruta, alinipa sepetu na kunionyesha chemba, yaani shimo la zege ambamo valvu ya bomba hukaa. Mafuriko yalikuwa yameijaza mchanga na nepi.

"Toa yote," alisema. Baadaye akaniona nikisawazisha lundo la mchanga nililotoa. "Na usilipambe. Hii si harusi."

Yeye ndiye aliyenieleza pesa yetu inatoka wapi. Bajeti ya ziada hupitishwa mwaka ukiwa umeshaanza, jambo lisilotarajiwa likitokea. Ile ya kwetu ilikuwa na masharti: mwaka wa fedha ukiisha Juni, isiyotumika inarudi serikalini, na ilikuwa ya kurudisha kilichobomolewa, si kuanzisha kipya.

Alinifunza pia kupima usawa kwa mpira wa maji. Ni mpira mrefu unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Watu wawili hushika ncha, na maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama mwenzako yuko nyuma ya nyumba. Niliupenda kuliko chombo chochote, kwa sababu haukunitaka nibahatishe.

Kisha nikahamishiwa mtaa wa Lindi, Kibera, chini ya Injinia, mama wa makamo mwenye gambuti miguuni, asiyepandisha sauti. Kazi ilikuwa kujenga upya kioski cha maji kilichosombwa na mto. Halikubaki hata tofali.

"Tafuta kilikuwa wapi," aliniambia. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Asipoonyeshwa mahali, hatuanzi, na Juni haitungoji."

Wakati huo lori la maji lilikuwa likisimama juu, kwenye ukuta wa kanisa, barabara inapoishia. Watu walipanga mitungi yao pale kisha wakaenda vibarua; mtungi humshikia mwenyewe nafasi na hakuna anayeugusa. Mimi niliigusa. Foleni yake ilikuwa imepinda, nikainyoosha, nikahamisha mmoja au miwili ili ikae vizuri.

"Kijana, hiyo laini si ya kupigwa picha," mama mmoja akaniambia. "Rudisha yangu mbele."

Nilirudisha, masikio yakiwaka, nikateremka mtoni kutafuta kioski. Nilichimba ukingoni hadi nikaipata slabu, ile sakafu ya zege kilipokuwa kimesimama. Nikaisugua kwa brashi. Nikapima umbali wake kutoka nguzo ya stima, nikapima tena, nikapima tena. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nikamwita Mama Akinyi, aliyekuwa akiuza maji kwenye kioski hicho, aje aone.

Aliitazama akiwa amekunja mikono.

"Umepata kaburi ya kioski yangu. Sasa unataka wanizike hapo?"

"Mama, ndiyo masharti. Kijengwe pale kilikuwa."

"Na umeiambia mto hayo masharti?" Hakucheka. "Hapo nilitolewa kwa dirisha, maji ikiwa kifuani. Kazi ingine sina, lakini hapo chini sirudi. Ukijenga hapo, tafuta mtu mwingine wa kuketi ndani."

Kazi yangu bora ndiyo ingemnyima yeye kazi yake, au kumrudisha mtoni.

Alhamisi Mkaguzi akaja, mtu wa rika langu, viatu vimepigwa rangi.

"Kioski kilikuwa wapi?"

Wote wakanitazama. Kudanganya sikuweza, nikawapeleka kwenye slabu. Akaisifu. Hapo, bila kuulizwa, nikasema kwamba kuna kitu ningependa aone. Nikashika ncha moja ya mpira kwenye alama ya matope ambayo mafuriko yaliacha kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, juu kidogo ya ukingo. Mama Akinyi akasimama juu ya slabu na ncha nyingine.

"Inua," nikamwambia.

Akainua hadi begani. Maji yakamwagika kwenye mkono wake.

"Inua tena."

Akainua juu ya kichwa, akasimama kwa vidole vya miguu, mkono ukaisha bila kufikia kimo cha mafuriko. Maji yakaendelea kumwagika, mengine kwenye viatu vya Mkaguzi.

"Pole, boss," Mama Akinyi akasema. "Hii ni kidogo. Ya siku ile haingekuomba pole."

Mkaguzi akarudi nyuma hatua moja. "Nimeona. Lakini nimetumwa kuthibitisha kurudisha, si kuhamisha."

Injinia akageuka taratibu akatazama juu, kwenye ukuta wa kanisa. Mitungi ilikuwa imejipanga, ya njano kwa ya bluu, imepinda vilevile.

"Watu wa hapa wanachota maji wapi sasa?" akauliza.

"Pale," Mkaguzi akasema.

"Basi hiyo pesa ni ya kurudishia watu maji. Si ya kurudishia mto kioski."

Mkaguzi akatazama viatu vyake vilivyolowa, kisha ukuta wa kanisa. "Nitapendekeza pale, na nitaeleza kwa nini. Mtamaliza kabla ya Juni?"

"Tutamaliza."

Tulimaliza. Mwaka wa fedha ukaisha, na ajira yangu ikaisha nao. Nikisema nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na sita watu hucheka, lakini sina neno lingine. Siku hizi natengeneza mabomba ya mtu yeyote anayenipigia simu Kawangware, na bado napima mara tatu. Sijajua kama hofu hiyo ni ugonjwa au ndiyo ufundi wenyewe. Najua tu kwamba kupima sawasawa hakukunitosha. Ilinibidi pia niseme vipimo vyangu vinamaanisha nini kwa atakayeketi ndani.

Mvua za vuli zilipokuja nilienda Lindi. Slabu ilikuwa imepotea chini ya maji ya kahawia. Juu, kwenye kioski kipya, Mama Akinyi alikuwa dirishani, bomba likijaza mtungi.

"Fundi," aliniita, "ile slabu yako uliosha vizuri. Mto bado inaosha."

Foleni ya mitungi ilikuwa imepinda kuanzia dirishani hadi kona ya kanisa. Nilitia mikono mifukoni, nikaiacha hivyo.