Bi Haula Atafuta Pa Kuweka Kitanda

Bi Haula Saburi alipotangaza kwamba biashara basi, na sasa anatafuta chombo kikuukuu cha baharini akitengeneze akae humo mpaka Mungu atakapomchukua, mkwewe Chamima alicheka hadi akaweka chini sufuria. Alidhani ni mzaha. Majirani wa pale Palma wakayadaka maneno na kuyatia chumvi: Bi Haula kaposwa na jini, Bi Haula kaficha mali Mtwara anataka kuifuata. Mwenyewe hakuwajibu. Goti la kushoto lilikuwa likimuuma, na mtu wa goti hupima mambo ya kuyainukia.

Tangu usichana wake alikuwa akivuka mpaka, Mtwara kwenda na kurudi, na kanga, sabuni na mafuta ya kula. Amelala juu ya magunia ya watu, ametapikiwa na watoto wa watu, ameteka ngama, yale maji machafu yanayokusanyika tumboni mwa chombo, kwa kopo la maziwa, akiamrishwa na manahodha wa rika la mwanawe. Bahari hakuipenda wala kuichukia. Ilikuwa barabara yake tu.

Sababu ya kutaka chombo ilikuwa moja, na haikuwa na jini ndani yake. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya mume. Siku alipoachwa alitoka na sanduku lake la nguo na mwanawe mgongoni. Ya pili aliijenga mwenyewe kijijini Mucojo, kwa jasho la hayo mafuta ya kula, bati juu na sakafu ya saruji. Vita vilipofika, watu walikimbia na nguo za mwilini, na nyumba ikaungua. Ya tatu ni hii ya mwanawe Muzamil, aliyempokea kwa machozi na kumpa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Kisha akaja mdogo wa Chamima, mke wa Muzamil, anasoma, anahitaji mwanga wa dirisha. Bi Haula akahamishiwa chumba cha katikati. Kisha watoto wa Muzamil wakakua, wakataka chumba chao. Sasa kitanda chake kilikuwa stoo, kati ya magunia ya mchele na katoni za sabuni za dukani, na mtu akitaka mchele alikuwa akimwomba ainue miguu.

Hakuna aliyemkosea adabu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angetukanwa angejua la kufanya. Lakini alikuwa akisogezwa kwa heshima, shikamoo mama, samahani mama, sogea kidogo mama, na aliona wazi kwamba kusogea huko hakukuwa na mwisho. Nchi kavu kila kiwanja kina mwenyewe, na mwenyewe ana ndugu. Hori la mikoko, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, halina kiwanja. Atatia nanga humo, maji yakijaa atapanda nayo, yakipwa atalala kwenye tope, na hakuna atakayemwambia asogee.

Muzamil alipinga kwa wiki nzima, kisha ghafla akakubali, tena kwa moyo mkunjufu. Bi Haula akashukuru Mungu bila kuuliza kilichombadili. Hapo alikosea, maana mwanawe ni mtu wa duka, na mtu wa duka hakunji uso bure wala haukunjui bure.

Ni yeye Muzamil aliyelipata jahazi la mtu mmoja anaitwa Anuar, lililokuwa likiuzwa. Lilikuwa pwani, limeegemezwa kwenye magogo, na Bi Haula alikwenda kulitazama pamoja na Kurwa, fundi wa vyombo aliyejuana naye tangu wakiwa vijana. Kurwa alilizunguka akigonga kila ubao kwa kinyundo na kusikiliza. Akachomeka kisu kwenye maungio. Akaingia chini, akatoka na vumbi kichwani.

"Dada, sina la kusema," alisema. "Jahazi zima hili. Ubao kidogo hapa nyuma, na kuziba ziba. Wallahi, ukilikosa utajuta."

Bi Haula akapanda ngazi akishikilia goti. Tumboni mwa jahazi kulikuwa na nafasi kuliko stoo, kuliko hata chumba cha mbele. Alisimama katikati, akatazama juu akaona mbingu, na moyo wake ukafurahi kabisa. Hapa kitanda. Pale sanduku la mchanga la kukokea moto. Mkeka wa kusalia huku.

Muzamil alikuwa ameteremka nyuma yake. Alikuwa akipima kwa hatua, toka mbele hadi nyuma, midomo ikichezacheza.

"Hii ndiyo reforma yako, mama, pensheni yako ya uzeeni," alisema akitabasamu. "Utakaa kama malkia. Na motor tukipata, Mtwara tunakwenda na kurudi, hatumtegemei mtu. Ila kitanda tutakiweka huku nyuma, unaona? Hapa katikati patakuwa pa mizigo."

Alisema kwa mapenzi, na Bi Haula alijua ni mapenzi. Akamtazama mwanawe aliyesimama mahali pa kitanda chake, akaona magunia ya mchele yamepangwa pale kabla hata jahazi halijanunuliwa, na yeye mwenyewe nyuma ya magunia akiinua miguu watu wapite.

Akapanda juu. Akamshukuru Anuar, aliyekuwa akingoja nje, akamwambia jahazi lake ni zuri, amtafutie mnunuzi mwingine.

"Lina nini?" Anuar aliuliza, ameudhika.

"Halina kitu, baba. Zuri mno."

Njiani Muzamil alitangulia kwa hasira. Kurwa alisema mengi, na mengi hayafai kuandikwa. Fundi kakagua tangu asubuhi, chombo hakina dosari, mwenye kutaka kakitaka, halafu kakikataa kwa sababu kizuri. Bi Haula alimwacha amalize.

"Kurwa, nitafutie kibovu," alisema.

"Kibovu vipi?"

"Ambacho hata mwizi hakitaki. Lakini maji kisiingize."

Kurwa alinuna siku kadhaa. Kisha akaja kumwambia, bila kumtazama usoni, kwamba kisiwani Macaloe kuna mashua kubwa ya mvuvi mmoja anaitwa Khamis, imelazwa ubavu miaka mingi, na Khamis anaitumia kuanikia pweza.

Wakaenda. Mashua ilinuka pweza tangu mbali. Kurwa akagonga na kusikiliza, akachomeka kisu, kisha akalala kifudifudi mchangani akaangalia chini kwa muda mrefu.

"Mbao zake nzima," alisema akijipangusa. "Za zamani, miti hiyo siku hizi huipati. Lakini mkuku umepinda." Mkuku ni ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo kizima, na Kurwa aliupitishia kiganja kwa huzuni. "Huu haunyooki tena. Mashua hii ukiitia tanga itakwenda upande upande kama kaa. Ukiipakia mzigo itavunjika. Kukaa juu ya maji, itakaa. Safari, dada, sahau."

"Nani mwingine anaitaka?" Bi Haula alimuuliza Khamis.

"Hakuna, mama. Nisikufiche."

"Basi ndiyo hiyo."

Kurwa alisimama. Akasema yeye hajawahi kutengeneza chombo kisichokwenda, na watu wakikiona kimekaa horini watauliza fundi wake nani. Bi Haula akamjibu kwamba watu wana midomo, waulize. Anajengewa nyumba, na nyumba haiendi Mtwara.

Kazi ilifanyika palepale Macaloe. Kurwa alibadilisha mataruma yaliyooza, zile mbavu za ndani, na Bi Haula alikaa juu ya ndoo, mguu wa goti kaunyoosha, akisokota pamba ya kalafati na kuichovya mafuta kabla ya Kurwa kuishindilia kwenye maungio. Ulipofika wakati wa kuweka dari, alisimama ndani, akainua mikono mpaka masikioni kama anayeanza sala, akasema dari lipite juu ya hapo. Kurwa akaweka alama ya mkaa. Mabaki ya pweza ilibidi yasuguliwe kwa majivu na ndimu, na harufu haikuisha yote.

Boti ya motor ya Khamis iliivuta mashua mpaka horini Palma, polepole, ikienda imejitupa upande kama Kurwa alivyosema. Watoto waliifuata ufukweni wakiizomea. Bi Haula alikaa mbele na hakushuka.

Muzamil hakuwa amefika Macaloe hata mara moja. Alikuja siku ya tatu baada ya nanga kutiwa, maji yamepwa, na mkokoteni nyuma yake, na juu ya mkokoteni mlingoti mzima, mti ulionyooka, umekwanguliwa vizuri. Alikuwa ameutafuta kwa taabu. Akauvuta kwenye tope mwenyewe, akaupandisha ubavuni, akarukia sitahani, akaenda moja kwa moja kwenye lile tundu la mlingoti na kuchungulia upana wake.

"Nilikuwa na hasira, mama," alisema. "Zimekwisha. Tutautia huu, halafu pole pole tutaona mkuku unafanywaje."

Bi Haula alikuwa akipuliza moto wa chai. Machozi yalimjia, maana mti ule ulikuwa mzuri na mwanawe alikuwa na tope mpaka magotini kwa ajili yake.

"Kurwa," alimwita fundi, aliyekuwa nyuma akipigilia mlango. "Lile tundu liko wazi bado?"

"Liko."

"Lizibe leo. Huo mti tupasulie mbao, tuongeze sakafu."

Muzamil alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. "Unanifukuza, mama?"

"Nimekufukuza lini, mwanangu? Nilikubeba toka nyumba ya baba yako, nikakubeba." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Shuka chini. Halafu uje vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Kama mtu anayekuja kwa mwenyewe."

Akamtazama kama asiyeelewa. Kisha akaelewa, na uso ukamshuka, mtu mzima mwenye duka na watoto wanne. Akashuka. Akasimama topeni karibu na mlingoti wake, akatazama kushoto na kulia kama kuna anayemwona.

"Hodi," alisema.

Tangu Mucojo hakuna aliyembishia Bi Haula hodi. Aliliacha lile neno likae kidogo, akaipua chai kwanza, akatandika mkeka mahali pa mgeni.

"Karibu, baba," alisema. "Nawa miguu, upande."