Siku Niliyomcheka Mtani Kidete

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya mwezi wa Februari pale Kidete, nikiwa mwalimu mpya wa miaka ishirini na miwili, mwenye mdomo usiotulia. Enzi hizo mwalimu alikuwa mtu. Barua ya wilayani ikija, nitafutwe mimi niisome. Watu wakibishana, niitwe niamue. Nikazoea. Leo nina wajukuu, na habari hii nikiisimulia bado natazama chini.

Juma zima redio ya dukani ilikuwa ikitangaza kimbunga baharini, upande wa Msumbiji. Watu wakaniuliza kimbunga ni kitu gani. Nikawaeleza, na nilichoeleza kilikuwa sahihi, ndicho kinachoniuma. Jua likiipasha bahari joto kwa majuma mengi, maji yanakuwa vuguvugu na mvuke unapanda kwa wingi. Hewa inapanda nao, na ile ya pembeni inakimbilia kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia yenyewe inajizungusha, upepo huo hauendi moja kwa moja. Unapinda, mwisho unazunguka kama uji unaokorogwa. Mvuke ukigeuka mawingu unaachia joto lake, na joto hilo linakiongezea kimbunga nguvu. Kikigusa nchi kavu kinakosa maji ya moto ya kukilisha, kinakufa.

"Kwa hiyo," nikamalizia, "sisi bahari hatuioni hata ndotoni. Kalaleni."

Wakati huo kikafika kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kutoka Gulwe, upande wa juu wa mto, akashuka Mzee Ndahani. Alikuwa Mgogo, fundi wa gengi la kutengeneza reli, na sisi Wasagara na Wagogo ni watani wa tangu na tangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema, "Mwalimu, waambie watu wa bondeni wapande juu. Kule kwetu mvua haijakatika siku mbili. Korongo zote zinamwaga mtoni."

Nikamjibu mbele ya watu, "Nyie Wagogo nanyi! Mvua mnaiona mara moja kwa mwaka, ikinyesha mnadhani ni gharika ya Nuhu."

Duka zima likacheka. Hata yeye alitabasamu kidogo. Kisha akasema, "Leo sitanii, mwanangu."

"Huo nao ni utani," nikasema, wakacheka tena. Mzee akapanda kiberenge chake akaendelea Kilosa kuwaonya wengine. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulivunja nyumba.

Jioni akaja Yona, jirani yangu wa bondeni. Mama yake, Bibi Salome, alikuwa amepooza miguu, hatoki kitandani bila kubebwa. Bibi huyo ndiye aliyenipa chumba nilipofika Kidete sina hata sufuria. Yona akaniuliza, "Mwalimu, yale ya Mzee Ndahani vipi? Nimpeleke mama kule shuleni juu?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Kumbeba mgonjwa hadi shuleni ni kazi ya watu wanne na machela. Nikamwambia, "Usimsumbue mama wa watu. Kimbunga hakipandi milima." Akanishukuru, akarudi kwake.

Kesho yake kulikucha jua kali, mwanangu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na sisi hatukuwa na wingu hata moja. Saa nne hivi, nikiwa darasani, nikasikia ngurumo inayotoka ardhini. Nilipotoka barazani, mto Mkondoa ulikuwa umeshapanda tuta la reli, maji mekundu, yamebeba magogo na paa zima la nyumba ya mtu. Kimbunga kilikuwa kimekufa kweli, kama nilivyofundisha. Lakini mawingu yake yalisafiri hadi bara, yakamwaga maji milimani, na maji yakatushukia sisi tukiwa juani. Yona alikuwa shambani. Alikimbia, hakuwahi. Bibi Salome tulimpata siku ya pili, kwenye miwa ya watu.

Msibani watani wana kazi yao. Hutania wafiwa ili machozi yapungue, na watu walimngoja Mzee Ndahani aanze. Hakutania. Alichukua jembe, akachimba kaburi kimya kimya hadi mwisho. Nikamfuata, nikapiga magoti, nikamwomba radhi.

Akaniambia, "Ulichosoma ni kweli. Ila hukuuliza huu mto unatoka wapi. Mimi nilikuwa natoka huko."

Lakini aibu yangu kubwa si hiyo. Aibu yangu ni kwamba Yona alinishika mkono akasema, "Ni kazi ya Mungu, Mwalimu," nami nikaitikia, "Ni kazi ya Mungu." Nikamtwisha Mungu mzigo wangu, nikaishi hivyo miaka tisa, nikikaa naye kanisani benchi moja. Mwaka wa kumi nilishindwa. Nikaenda kwake, nikamwambia, "Yona, mimi ndiye niliyesema asibebwe." Akasema, "Najua. Mimi ndiye niliyekuuliza, na mimi ndiye niliyetii." Hapo nikaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa akijilaumu mwenyewe, na neno langu moja lingempunguzia. Sikulisema.

Basi sikia, mwanangu. Siku hizi mnazo simu, onyo la hali ya hewa linawafikia mkiwa mmelala. Usipime hatari kwa anga lililo juu ya kichwa chako. Uliza kunanyesha wapi mto unakotoka. Mgonjwa, mzee na mtoto wabebwe kwanza, hata kama utaonekana mwoga. Maji yasipokuja, umepoteza jasho tu. Anayekuonya, hata awe mtani wako, msikilize hadi amalize. Na ukikosea, sema mapema, kwa maana aliyefiwa huenda anajihukumu kwa kosa lako.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi mzito. Na mtu wa kitandani nyumbani mwako asikose kamwe mikono ya kumbeba. Amina.