Wiki Nilizofundisha Bila Sauti

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiongea, na mume wangu, ambaye ni mpole kama maji ya mtungi, hajawahi kumpinga. Kwa hivyo nilipochaguliwa kuwa mhudumu wa afya ya jamii hapa Mwihoko, viungani mwa Ruiru, hakuna aliyeshangaa. Kazi yenyewe ni kuongea. Unaingia ploti moja ya vyumba vya kupanga baada ya nyingine, unabisha hodi, unauliza kama mtoto amechanjwa, kama mama mjamzito ameenda kliniki, kama mgonjwa wa presha anameza dawa. Unapima, unaeleza, unabishana kidogo, unacheka, unahamia mlango wa pili. Watu huniita daktari. Nimewakataza mpaka nimechoka.

Sauti ilianza kukwaruza wakati wa chanjo ya watoto, tulipokuwa tukizunguka mitaani na kipaza sauti. Nilidhani ni vumbi. Nikanywa maji moto yenye ndimu na tangawizi, nikaendelea kupiga kelele. Ikafika mahali nikimwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara, anageuka kutafuta ni mwanaume gani anamwita. Hapo mume wangu akasema yatosha, akanipeleka Thika kwa daktari wa koo.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, mcheshi, mikono baridi. Alipitisha kamera nyembamba puani mwangu kisha akanionyesha nyuzi za sauti yangu kwenye skrini. Kulikuwa na vinundu viwili vidogo, kimoja kila upande, kama vile vinavyoota kiganjani mwa mtu anayelima.

"Sitakupasua," akasema. "Nataka unyamaze."

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Unaona? Hata hilo ulifaa kuliandika." Akamgeukia mume wangu. "Wiki kadhaa, halafu mnirudie nimwangalie. Na asinong'one. Kunong'ona kunachosha koo kuliko kuongea."

Mume wangu alicheka mpaka akatoa leso. Tulipotoka pale alinipeleka maporomoko ya Chania, ambako tulikuwa tukienda enzi za uchumba wetu. Tukaagiza chai, tukakaa tukitazama maji yakishuka. Na huyu mtu ambaye kwa kawaida hutoa sentensi moja asubuhi na nyingine jioni, akaanza kunihadithia habari za parachichi anazotaka kupandikiza kwenye shamba la kaka yake. Akaeleza udongo, akaeleza mashimo, akaeleza kosa alilofanya jirani wa kaka yake. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo miaka mingi. Sikuwa na la kufanya ila kumtazama. Chai yangu ikapoa na sikujali.

Kazini nilikuwa nimeamua kupumzika. Nilimwandikia ujumbe muuguzi anayetusimamia, nikamweleza ya daktari. Sikujibiwa. Badala yake kesho yake alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kochi langu bila kukaribishwa.

"Nani amekuambia upumzike?" akasema. "Mdomo ndio unapumzika. Miguu iko na shida gani?"

Nikafungua mikono kumuuliza nitafanyaje. Akaomba simu yangu. Miezi michache nyuma alikuwa ametukusanya ukumbi wa kanisa akatufundisha kutumia akili bandia kutayarisha masomo. Wenzangu walipenda. Mimi sikuona simu ingenifunza nini kuhusu kuongea, nikakaa nyuma nikipiga stori. Sasa akanionyesha upya, polepole: ninaandika ninachotaka kusema, kwa maneno yangu yoyote, programu inakipanga vizuri, halafu nikibonyeza alama ya spika, inasoma kwa sauti.

"Masharti ni mawili tu," akasema. "Jina la mgonjwa usiiandikie kamwe. Na ikikuandikia chochote kuhusu dawa, nione mimi kwanza kabla mtu mwingine hajasikia."

Nikaitikia kwa kichwa. Alinitazama akatabasamu. "Sikujua utakuja kunyamaza hivi siku moja."

Ploti ya kwanza niliyoingia ilikuwa na akina mama waliokuwa wakifua uani. Nilikuwa nimeandika haraka haraka: ambia wamama wapunguze chumvi, presha imezidi kwa hii mtaa. Nikainua simu, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanaume, nzito, iliyonyooka kama ya msomaji wa taarifa ya habari: "Enyi akina mama wapendwa, ninawasihi kwa unyenyekevu mpunguze matumizi ya chumvi katika mapishi yenu."

Mtu mmoja aliangusha beseni. Wengine walishikana wakicheka.

"Haiya, daktari! Umekuwa Mtanzania?"

"Na umeolewa na nani huyo? Mwambie atusihi tena!"

Nilicheka pia, bila sauti, mabega tu yakitikisika, na hilo likawachekesha zaidi. Lakini walisogea. Walitaka kusikia huyo mgeni atasema nini kingine. Akasema tule samaki wa kuchoma wasiotiwa chumvi nyingi na tupike kwa tui la nazi kwa kiasi. Mama mmoja akauliza nazi tutaitoa wapi, tuiokote Githurai? Nikakaa kwenye ngazi, nikaandika: hapa ni Ruiru, watu wanakula ugali, sukuma, githeri, omena, maharagwe, chapati siku ya wageni. Programu ikaomba radhi, ikaanza upya. Safari hii ilisema tuonje chakula kabla ya kuongeza chumvi mezani, tuoshe omena kwa maji moto, na tusitie vile viungo vya pakiti juu ya chumvi nyingine. Hapo wakasikiliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na pakiti hizo jikoni.

Nikaanza kuzoea. Jioni nilikuwa nikitayarisha somo la kesho, namtumia muuguzi, anarudisha na marekebisho, asubuhi natoka. Nilijifunza kuiambia ile programu iongee kama jirani, si kama mhubiri. Nilibadilisha ile sauti ikawa ya mwanamke, ingawa wale wa ploti ya kwanza walilalamika kwamba nimemfukuza bwana wao.

Ndipo nikafika kwa Kukhu.

Kukhu ni bibi kwa lugha ya kwao, na mtaa mzima humwita hivyo. Alikuja huku kutoka upande wa Kakamega akiwa bibi harusi, mumewe akifanya kazi kwenye mashamba ya mananasi Thika. Mume alifariki, watoto wakatawanyika, yeye akabaki na chumba chake ghorofa ya pili, mashine ya kushona, na presha isiyoshuka. Nilimtembelea mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale. Nauliza, "Kukhu, umemeza dawa?" Anajibu, "Nimemeza, mwanangu." Nampima, namba iko juu, namwambia apunguze chumvi, apunguze mawazo, naaga. Kliniki walikuwa wameanza kufikiria kumwongezea dawa nyingine.

Siku hiyo nilimkuta akishona pindo la sare ya kwaya. Nikaketi, nikamwonyesha koo langu, nikapishanisha vidole viwili mdomoni.

"Nimesikia," akasema. "Wanasema umefungwa mdomo na serikali."

Nikampima. Juu, kama kawaida. Nikaanza kuandika swali langu, na mimi si mwepesi wa kuandika, natumia kidole kimoja. Kukhu alingoja. Alishona mishono michache. Akanitazama, bado naandika. Sijui ni kwa nini, labda kimya kilimkalia vibaya, akaanza kuongea mwenyewe.

Aliongea habari za kwaya. Akasema wanafanya mazoezi mbali, na safari hii wataimba Ruiru mjini. Akasema kuketi saa zote hizo ni shida. Niliacha kuandika. Zamani hapo ningeshamkatiza, ningeshamwambia kuketi sana si kuzuri, anyooshe miguu. Sasa niliinua tu macho.

"Ile tembe nyeupe," akasema, akitazama kitambaa. "Ile inafukuza maji. Nikiimeza, naenda choo, nikirudi, naenda tena. Choo chenyewe unakijua. Nishuke ngazi zote hizi, nitafute ufunguo kwa jirani, huenda jirani ameenda sokoni. Mtu mzima kama mimi, nisimame pale nje nikijishika?" Akavuta uzi. "Kwa hivyo siku ya kwenda mahali, siimezi. Na mimi, mwanangu, naenda mahali kila siku. Leo kwaya, kesho soko, kesho kutwa matanga."

Niliinuka nikamshika bega. Akacheka kidogo, kicheko cha aibu.

"Wewe unauliza mbio mbio," akasema. "Mtu anaona ni afadhali kusema nimemeza."

Maneno hayo hayakuniuma. Alikuwa ameyasema kama mtu anayenitengea chakula. Nikapangusa macho, nikaandika kwenye simu, na sauti ya mwanamke ikasoma, "Asante kwa kuniambia." Kukhu akaitazama simu, akaijibu kwa heshima zote, "Karibu, mama."

Nilipofika nyumbani niliieleza programu mambo yote, bila jina wala mtaa: bibi fulani, dawa ya kufukuza maji, choo kiko mbali, aibu. Nikauliza ni maswali gani nimpelekee muuguzi. Ilinipangia vizuri, kwa lugha nyepesi: kama kuna dawa ya aina nyingine inayomfaa, kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa, kama mwenye ploti anaweza kusaidia jambo la ufunguo. Ikaonya kwamba asiache wala asibadilishe dawa mwenyewe. Mwisho ikaongeza kwamba pengine angeweza kumeza jioni.

Muuguzi alisoma yote kwa makini, akafika hapo mwisho akapiga kalamu hewani.

"Hii toa. Jioni? Aamke gizani kushuka zile ngazi? Ateleze avunjike nyonga. Hii simu haijawahi kukaa ploti." Kisha akasoma tena ile sehemu ya juu, na uso wake ukalainika. "Lakini haya maswali ni mazuri. Mlete Ijumaa, nitakuwa na kliniko mwenyewe."

Ndivyo tunavyomwita yule afisa wa kliniki. Tulienda wote, mimi bubu na Kukhu akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alipoingia ndani alinishika mkono nisibaki nje. Afisa alimsikiliza, akamuuliza maswali kadhaa, akampima tena, akatazama vipimo vya damu vilivyokuwa kwenye kadi. Akambadilishia dawa. Akamwambia nyingine haitamsumbua hivyo, lakini aimeze kila siku, awe anaenda mahali au haendi.

"Hata siku ya matanga?" Kukhu akauliza.

"Hasa siku ya matanga."

Jambo la ufunguo lilikuwa kazi yangu. Nilimwendea msimamizi wa ploti, kijana mkubwa mwenye haraka, nikamchezea ujumbe wa simu. Ulikuwa mrefu na wa adabu sana. Alisikiliza mpaka katikati akainua mikono. "Mathe, basi! Nitamchongea ufunguo wake." Na kweli alimchongea. Kukhu aliufunga kwa utepe mwekundu uliobaki kwenye sare za kwaya.

Presha haikushuka siku moja. Ilishuka kama watu wanavyoshuka kwenye gari lililojaa, mmoja mmoja. Lakini kila nilipompima ilikuwa imepungua kidogo, na alikuwa akinitazama usoni kabla sijamwonyesha namba, asome huko kwanza.

Niliporudi Thika, daktari alipitisha kamera yake tena akasema vinundu vimenywea. Akaniruhusu kuongea, taratibu, kwa vipindi. Neno langu la kwanza lilikuwa jina la mume wangu, na lilitoka jembamba kama la mtoto. Tangu hapo nimerudi ploti na sauti yangu mwenyewe. Somo bado natayarisha kwa ile programu, na muuguzi bado anapiga kalamu hewani. Wiki iliyopita iliniandikia somo la kisukari lenye mfano wa mama anayeuza maandazi, likafaa kuliko nililokuwa nimelitunga mwenyewe. Nilikubali bila kinyongo. Ila nikishauliza mtu swali siku hizi, nachukua muda kufungasha mashine yangu ya presha, navingirisha mpira wake polepole kuliko inavyohitajika.

Desemba Kukhu alisafiri kwao kwa harusi ya mjukuu. Ni safari ya kutwa nzima kwa basi, na alikuwa hajaenda tangu mazishi ya mumewe. Jumapili, tukiwa tunakula, ujumbe wake wa sauti ukaingia kwenye simu yangu. Nikauweka mezani sote tusikie. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, kuku walikuwa wakilalamika mahali karibu, na watu wengi walikuwa wakicheka nyuma yake.

"Mulembe, mwanangu," akanisalimu kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Tumefika salama. Bibi harusi ni mrefu, anampita mjukuu wangu. Huku mahindi yamekubali. Nitakuletea mrenda mkavu, ile mboga yetu, na usiniambie Wakikuyu hawali, utakula. Haya, wananiita nicheze."

Mume wangu aliomba auchezewe tena, apate kusikia hapo kwenye bibi harusi.