Mama Mkwe wa Runingani

Hapa sokoni Mangwon tunamwita Mama Mkwe, kwa sababu miaka nenda rudi kazi yake katika tamthilia za runingani ni kutesa wake za wanawe. Nyumbani kwake hana mtoto hata mmoja. Huchagua figili polepole, akizigonga kwa kidole, na sauti yake ni ndogo hata mimi muuza tofu humwomba arudie. Watu wakimtukana, huinama akashukuru.

Jumatatu moja Bibi Mal-sun, muuza samaki, alikataa kumuuzia.

"Jana ulimmwagia mke wa mwanao supu. Huna haya wewe?"

"Nilikosea, dada."

"Mama mkwe wangu alinimwagia hivyohivyo. Amekufa hajaniomba radhi."

Mama Mkwe akaweka kikapu chini, akapiga magoti kwenye maji ya samaki akiwa na koti lake zuri. Akatoa ile sauti ya runingani tunayoiogopa sote. "Mwanangu, nilikuonea. Ulikuwa mkwe mwema, na nilijua."

Mal-sun akamtazama, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Umechelewa," akasema. Akamfungia vibua wawili, wale wanono anaowafichaga nyuma.