Siku Ndege Ilipopiga Picha Mwanza

Fundi wa fremu pale Nyamagana alinikunjulia picha ya zamani ya Mwanza, iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Ilinuka vumbi na gundi. Nikaliona jabali la Kirumba tulikoanika dagaa utotoni.

Siku picha ile ilipopigwa, ziwa lilimeremeta kama mafuta. Ndege ya wapiga picha ilizunguka juu yetu polepole, na mdogo wangu wa kike akaninyooshea mikono.

“Kaka, nipandishe, na mimi nionekane!”

“Mfupi wewe, utaonekana kama dagaa!”

Nikapanda jabali peke yangu, nikapunga shati mpaka ndege ikamezwa na mwanga. Yeye alibaki chini akilia. Nilimkosea, na sikuwahi kumwomba radhi.

Jioni mama aliuliza nani kapigwa picha.

“Kaka,” mdogo wangu akawahi kujibu, akitabasamu. “Tena alipunga vizuri.”